Reli ya zamani ya Mwanza ising'olewe

Juzi binamu yangu anayeishi Uingereza alinitumia video ya injini ya mvuke iitwayo Flying Scotsman ikipita katika stesheni ya York, ambayo ilifunguliwa mwaka 1877. Nilimwonesha baba mkubwa, ambaye ujana wake aliumaliza akichochea moto kwenye magari moshi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na sasa amepumzika kwake Igogo. Hakuutazama moshi wala umati uliojaa stesheni. Alifumba macho akasikiliza, kisha akanieleza ni wapi dereva alipunguza mvuke na ni wapi aliufungulia tena. Aliniomba niirudie mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akilia.

Injini ile ilitengenezwa Doncaster mwaka 1923, miaka mitano kabla ya reli kutoka Tabora kufika Mwanza. Wenzetu wanaitembeza hadi leo, ilhali mtoto wa Mwanza anayetaka kuona injini yenye jina la Wanyaturu wa Singida, la Mlima Gelai au la Mlima Shengena wa kule Same, hana budi kwenda kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba Wakenya wamezitunza, na kwamba Gelai ilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, si huku kwetu. Hata hivyo majina ni yetu, na inaniuma.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni reli yenyewe. Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ninaingojea kwa hamu kama mkazi mwingine yeyote wa jiji hili. Lakini upana wake ni milimita 1,435, na wa reli ya zamani ni milimita 1,000, ambao ndio upana wa injini zote zile zilizoko Nairobi. Ikiwa reli ya zamani itang'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, hakuna fedha wala nia njema itakayoleta gari moshi la mvuke hapa, kwa kuwa halitakuwa na mahali pa kukanyaga. Tutaambiwa tuweke injini moja juu ya zege mbele ya ofisi fulani. Watoto wataipanda na kupiga picha, lakini haitamfundisha mtu kuwasha moto usiku wa manane ili mvuke uwe tayari alfajiri, wala kusoma kiwango cha maji kwenye kioo cha boila, wala kuelewa kwa nini maji yakipungua mno boila hupasuka na kuua.

Wapo watakaosema fedha za kuitunza reli ya zamani zijenge zahanati. Zahanati zijengwe. Ninachoomba ni kipande cha kutoka stesheni ya Mwanza hadi Fela kibakizwe, na wazee walioijua kazi hii waketishwe na vijana wa karakana sasa hivi. Baba mkubwa ana miaka 84. Kati ya wanne waliofanya naye kazi zamu moja, amebaki mmoja tu, na yuko Malampaka.