Kuhakikiwa si kupigiwa muhuri

Msomaji aliyetangulia amesema wanasayansi "hupitishana wenyewe kwa wenyewe", yaani huidhinishiana maandiko yao, basi habari za mageuzi ya binadamu si za kuaminika. Ndugu yangu, tuchukue la hapa kwetu Pwani: kaburi la mtoto wa miaka 2 hadi 3 lililofukuliwa pango la Panga ya Saidi, Kilifi, likatangazwa katika jarida la sayansi la Nature mwaka 2021. Umri wa kaburi ni kama miaka 78,000, ikizidi au kupungua 4,000 hivi, na pengo hilo limeandikwa wazi.

Andiko kama hilo mhariri wa jarida hulipeleka kwa wahakiki wawili watatu wasiohusika na uchimbaji. Nao huuliza mambo ya ndani: chembe za mchanga uliofukia mifupa ziliona jua mara ya mwisho lini, maana hapo ndipo umri hupatikana? Udongo wa shimoni unatofautiana na wa pembeni, kuonyesha shimo lilichimbwa na mtu, au ulijimwaga wenyewe?

Ila mhakiki hachimbi upya wala harudii vipimo, husoma alicholetewa. Ndiyo maana fuvu la kughushi la Piltdown, Uingereza, lililotangazwa 1912 kuwa la binadamu wa kale, lilidumu kuaminiwa hadi 1953. Watafiti wengi walionyeshwa nakala za plasta tu. Mabaki yenyewe yalipopimwa florini, kemikali ambayo mfupa huifyonza ukikaa ardhini, na meno kutazamwa kwa hadubini, zikaonekana alama za tupa. Taya lilikuwa la orangutani. Waliofichua ni wanasayansi hao hao.

Mhariri, mkiandika tena habari hizi, tajeni mabaki yamehifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuyapima.