Lisbon: Meza Imetandikwa, Wenyeji Wako Wapi?

Kila majira ya joto picha za kuta za Lisbon huzunguka mitandaoni, zimeandikwa kwa rangi maneno ya kuwataka watalii warudi kwao. Chini yake huja maoni yaleyale: Wareno hawana shukrani, utalii unawalisha nao wanautukana. Nimekaa Lisbon, nimepanda vilima vyake na kula kwenye vibanda vyake. Naona wanaolaumiwa hawajaeleweka.

Hoja ya upande wa pili ni nzito, na haifai kuipuuza. Mwaka 2011 Ureno iliokolewa na mkopo wa euro bilioni 78, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 16. Vijana waliondoka kwa makundi. Katikati ya Lisbon kulikuwa na majengo yaliyobomoka mapaa, na watu walikuwa wamelihama jiji zamani: kutoka zaidi ya 800,000 mwaka 1981 hadi chini ya 570,000 mwaka 2001, kabla wimbi hili la wageni halijafika. Fedha ya mgeni ndiyo iliyoezeka yale mapaa, ikawapa vijana kazi za hoteli, jikoni na kwenye teksi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli, wako waliopona.

Ila ni mwenyeji yupi aliyepona?

Mwaka 2012 sheria mpya ya upangaji ililegeza ulinzi wa mikataba ya zamani, ile iliyowawezesha wazee kukaa kwa pango dogo miaka nenda rudi. Mwaka 2014 ikaja sheria iliyorahisisha kusajili nyumba za kupangisha wageni kwa usiku. Zitazame hizo mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilimfungulia mwenye nyumba mlango wa kumtoa mpangaji, ya pili ikamwonyesha pa kupata kwa siku chache fedha aliyokuwa akiisubiri mwezi mzima. Simlaumu sana mwenye nyumba. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo. Lakini mtalii naye hakutunga sheria hizo, na wakazi wengi wanalijua hilo. Ukiwasikiliza, wanaongelea nyumba. Mgeni mwenyewe ni nadra kuwa ndiye kisa.

Kuna hesabu moja ambayo hainitoki kichwani. Kata ya Santa Maria Maior ndiyo yenye mitaa ya Alfama, Mouraria na Baixa, yaani karibu kila kitu ambacho mgeni wa siku tatu anakuja kukiona. Sensa ya 2011 iliwakuta wakazi karibu 13,000. Ya 2021 ikakuta kama 10,000. Watu elfu tatu ni wachache ukiwaona kwenye karatasi. Sasa wapeleke mezani. Ni wao waliokuwa wakila mchana kwenye tasca, mgahawa mdogo wa mtaa wenye meza sita na vitambaa vya karatasi: supu ya sukuma na viazi, bacalhau ambaye ni ng'onda wao, mvinyo kwenye jagi. Walikula hapo Januari mvua ikinyesha, walikula Jumanne. Mgeni haji Jumanne ya Januari kula supu. Elfu tatu wakiondoka, mwenye tasca anabaki na njia mbili: afunge, au abadilishe menyu iwe ya picha na bei ya kumkamua mpita njia.

Niliiona tofauti hiyo kwa macho. Nilikula chakula cha siku kwa euro 9 kwenye tasca moja kando ya Alfama, nikiwa mgeni peke yangu. Mzee wa meza ya jirani alisogeza pembeni kisahani cha zeituni alicholetewa bila kuagiza, akaendelea na gazeti lake. Sheria inasema usichoagiza wala kukigusa hulipi, na mhudumu alikichukua bila neno. Mara ngapi nimesoma wageni wakilalamika kwamba wameibiwa kwa zeituni hizo! Walihitaji tu mzee wa meza ya pili wa kuwaonyesha. Na mhudumu aliponielekeza pa kukaa, alisema "mesa". Sikuhitaji mkalimani, sisi tuliokulia pwani tumekaa mezani, tumepeperusha bendera na kufunga leso kwa maneno ya watu hawa kwa karne nne na zaidi. Alfama lenyewe ni neno la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto. Mtu wa Hamamni, Zanzibar, yuko nyumbani, na nadhani wa Mji Mkongwe anaijua hadithi hii ya nyumba kugeuka vyumba vya wageni.

Tramu namba 28 nayo, mabehewa ya miaka ya 1930, bado ni usafiri wa mtu wa mtaa wa kilimani wa Graça anayerudi na mfuko wa sokoni. Hufika kituoni imejaa wapiga picha, yeye anabaki chini. Septemba 2025 gari la reli la Glória, lililokuwa likipandisha watu kilima tangu 1885, liliacha njia likaua watu 16. Wengi walikuwa wageni, lakini wamo pia wafanyakazi wa shirika la misaada lenye ofisi juu ya kilima. Walikuwa kwenye safari zao za kila siku.

Jiji halikukaa kimya. Lilisitisha usajili mpya wa nyumba za kupangisha wageni katika mitaa kama Alfama na Mouraria kuanzia 2018, na kodi ya mgeni imefika euro 4 kwa usiku tangu Septemba 2024. Wakazi wakakusanya saini zaidi ya 11,000 kutaka kura ya maoni kuhusu nyumba hizi. Baraza la jiji likaridhia Desemba 2024, Mahakama ya Katiba ikaikataa Januari 2025. Kwangu, kuweka kikomo cha nyumba hizo kwa kila kata ni haki, hata ikimaanisha mimi nilale mbali na kupanda treni. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 870, na chumba na sebule katikati ya jiji mara nyingi ni zaidi ya hapo. Anayenichomea sadini analala wapi?

Usiku wa Juni 12, mkesha wa Mtakatifu Antonio, Alfama nzima hunuka moshi wa sadini. Mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni kwake na meza ndogo, anauza ginjinha, pombe tamu ya cheri, kwenye vikombe vidogo. Nilimuuliza kama majirani zake nao wanauza. Akanionyesha mlango wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa mbele. Yote mitatu ilikuwa na kile kisanduku cha namba cha kuwekea funguo za wageni.