Neno final halilindi kilichomo ndani

Wengi wetu tunaoandika programu kwa lugha ya Java, tukishaweka public static final mbele ya safu (array, yaani thamani kadhaa chini ya jina moja), tunaona ulinzi umekamilika. Haujaanza. Neno final huzuia jina lisielekezwe kwenye safu nyingine, basi; vilivyomo ndani viko wazi. Safu RUHUSA ikiwa na "msomaji" na "mhariri", msimbo wowote unaoifikia, hata wa maktaba uliyoipakua jana, unaweza kuandika RUHUSA[0] = "msimamizi" na kompaila isikohoe.

Java yenyewe iliponzwa na hili mwaka 1997. Katika JDK 1.1.1 (toleo la zana za Java), mbinu (method) getSigners ya klasi Class ilirudisha safu halisi ya waliotia saini, si nakala yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kuwa apleti, programu ndogo iliyoendeshwa ndani ya kivinjari, ingeweza kuibadilisha safu hiyo, ikajipachika saini inayoaminika na kupewa ruhusa zake. Nenosiri halikuvunjwa. Na private, neno linalowazuia wa nje wasifikie kigeu moja kwa moja, isingesaidia kitu: ni kama kufungia hati ya kiwanja kabatini, kisha kila anayeomba kuiona unampa ile halisi pamoja na kalamu.

Mpe fotokopi. Kwa safu ya String (maandishi), clone(), mbinu ya kunakili, inatosha kwa sababu String haibadiliki. Kwa safu ya Date, klasi ya tarehe inayobadilika, haitoshi: safu inakuwa mpya, lakini tarehe zilizomo ni zilezile. Tumia java.time, ambayo tarehe zake hazibadiliki; ipo tangu Java 8. Kwa orodha, List.copyOf ya Java 10 hutoa nakala, Collections.unmodifiableList ni dirisha tu, mwenye orodha ya asili akiibadilisha nawe unayaona mabadiliko.

Mlango wa kuingilia ndio husahaulika zaidi. Konstrakta, sehemu inayounda kitu kipya cha klasi, ikipokea Date kutoka nje, nakili kwanza ndipo ukague, na ukague ile nakala. Ukianza kukagua, thredi nyingine (mkondo wa utekelezaji unaokwenda sambamba) inaweza kubadilisha thamani katikati. Wala usinakili kwa clone() hapo, maana mpigaji anaweza kukuletea klasi tanzu yenye clone() yake ya hila, andika new Date(d.getTime()).

Kwenye seva, servleti moja, klasi ya Java inayojibu maombi ya wavuti, huhudumia maombi mengi kwa pamoja. Ukihifadhi jina la mteja kwenye kigeu cha servleti, Asha anaweza kuonyeshwa akaunti ya Juma, na volatile, neno linalofanya thredi zote zione thamani ya karibuni, haiondoi tatizo. Kiweke kigeu hicho ndani ya mbinu, ili kila ombi liwe na chake.

Wapo wanaolalamika kwamba nakala zinakula kumbukumbu. Kwa safu ya ruhusa tano?