Filamu Yetu Ni ya Ushoga wa Bibi Zetu

Bibi yangu mzaa mama aliishi Kikwajuni, mjini Zanzibar, na kila siku baada ya sala ya alasiri shoga yake alikuja kumjulia hali. Walikaa ukumbini juu ya mkeka, wakichambua mchele au wakisuka ukili, na kila ilipokaribia Sikukuu walinunua doti moja ya khanga wakaikata, kila mmoja akachukua upande wake. Walipoitana "shoga yangu" mbele ya waume zao, na hata mbele ya mwalimu wetu wa chuoni, hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa katika kinywa cha mwanamke neno hilo lilikuwa na maana ya rafiki wa kike ambaye mtu humwekea siri zake zote. Kamusi zetu zinaweka maana hiyo na ile ya matusi chini ya neno moja, lakini ukilitamka leo katika soko la Darajani ni maana ya pili tu itakayosikika, na mabinti wa siku hizi wamekimbilia kusema "shosti" na "besti" ili wasionekane wametamka jambo la aibu.

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukitengeneza filamu fupi ya dakika 13, bila mfadhili, kuhusu wanawake wawili wa transijenda, yaani wanawake ambao walipozaliwa wakunga waliwatangaza kuwa watoto wa kiume, wanaoishi Ng'ambo, upande wa mji wetu ulio nje ya Mji Mkongwe. Ninaandika makala hii kwa sababu nimeulizwa mara nyingi kwa nini filamu hiyo haionyeshi vipigo, na kwa nini tumechagua kuonyesha urafiki wao pekee. Sitaeleza nilivyowafahamu, wala wanaishi mtaa gani.

Jambo moja ninaruhusiwa kulisema. Kila mmoja wao, kabla hawajajuana, alijichagulia jina la kike, na walipokutana waligundua kwamba wamechagua jina lilelile. Kwa desturi yetu watu wenye jina moja ni somo, na somo wana haki baina yao: huitana hivyo badala ya jina, huulizana hali kabla ya watu wengine, na mmoja akipatwa na msiba mwenzake hawezi kukaa nyumbani kwake. Wanawake hawa wawili waliichukua desturi hiyo kwa uzito ambao sijauona kwa watu wengi waliopewa majina yao na wazazi. Mtu aliyejichagulia jina huku ndugu zake wakikataa kulitamka, akampata mwenzake anayelibeba jina hilohilo, huwa amepata shahidi kwamba jina lake ni la kweli. Kutokana na hilo filamu tumeiita Somo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Alfajiri simu inalia: mama wa mmoja wao amefariki Pemba, na maziko ni siku hiyohiyo. Boti ya asubuhi ipo, nauli inaweza kukopwa, lakini kaka yake anamwambia kwa simu kwamba aje amevaa kanzu na amenyoa nywele, kwa sababu yeye ni mtoto wa kiume na atatakiwa kuingia kaburini kumpokea mama, la sivyo asije kabisa. Nimelifikiria sharti hilo siku nyingi. Katika msiba wa Kizanzibari hakuna mahali pa mtu wa katikati; wanaume wako nje juu ya majamvi, wanawake wako ndani na maiti, na wakati jeneza linapotoka wanawake hubaki. Yeye alitaka kubaki na wanawake ndani ya nyumba alimozaliwa, basi. Hakuomba haki nyingine yoyote, na hiyo aliyoiomba ndiyo aliyonyimwa.

Hakwenda. Somo wake, ambaye huuza maandazi na kachori asubuhi, aliufunika unga aliokwisha kuukanda, akatandika mkeka katika chumba chao cha kupanga, akaazima juzuu kwa jirani, akakaa naye siku tatu kama wakaavyo watu wa matanga. Walisoma Yasini. Walipika wali, wakapeleka sahani kwa majirani bila ya kusema ni ya hitima ya nani. Siku ya tatu walifagia chumba na kukunja mkeka. Hicho ndicho tulichokionyesha, na katika dakika zote 13 kamera haitoki nje ya mlango.

Tulipoanza kutafuta msaada wa fedha, mtu mmoja aliyekuwa tayari kutusaidia alisoma mswada akasema ni mzuri, ila haukuwa na "mgogoro". Alitaka angalau onyesho moja la kipigo, au la polisi, au la daktari anayemfukuza mgonjwa. Alisema watazamaji wa nje hawataelewa hatari bila ya kuiona. Tulikataa, tukakosa fedha hizo, na hadi leo sijuti.

Hatari ipo, na sina nia ya kuificha. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilibadilisha sheria ya jinai ya Zanzibar ili adhabu ya mahusiano ya jinsia moja iwafikie wanawake pia, na Septemba 2017 polisi waliwakamata watu 20 waliokuwa katika mafunzo ya masuala ya UKIMWI ndani ya hoteli moja kisiwani Unguja. Mtaani hakuna anayesimama kutofautisha transijenda na jambo jingine lolote. Mwendo na sauti vinatosha kuwa ushahidi. Lakini mambo hayo watu wa trans wa Zanzibar wanayajua kuliko sisi, na wasiokuwa trans wameyaona katika picha za simu zinazosambazwa kwa kicheko. Picha ya mwanamke anayepigwa haimfundishi kitu mtu aliyekwisha kuizoea. Inamthibitishia tu kwamba huyu ni mtu wa kupigwa. Ambacho jirani hajawahi kukiona ni mwanamke huyo akiazima juzuu na kumwaga maji ya mchele, au akimlaza mwenzake mapajani na kumkanda kichwa usiku kucha. Kaka yule tumemwachia simu tu, na sauti yake inasikika kwa sekunde 20. Nadhani sekunde 20 zinamtosha.

Hatukuwa wa kwanza kuuona uzito wa urafiki huu. Filamu ya Marekani iitwayo Tangerine, iliyoongozwa na Sean Baker na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2015, hutajwa sana kwa sababu ilipigwa kwa simu za iPhone 5s, na kweli habari hiyo ilitupa moyo sisi ambao kamera yetu ni simu na stendi ya kuazima. Hata hivyo kilichonikaa moyoni ni mwisho wake. Mmoja wa marafiki wawili wa transijenda, walioigizwa na Kitana Kiki Rodriguez na Mya Taylor, anamwagiwa mkojo na watu wapita njia walio ndani ya gari; mwenzake, ambaye walikuwa wamegombana muda mfupi uliopita, anampeleka mahali pa kufulia nguo, kisha anavua wigi lake mwenyewe na kumpa. Pia kuna filamu fupi ya Saim Sadiq wa Pakistani iitwayo Darling, iliyowekwa Lahore na kuigizwa na Alina Khan, mwanamke wa transijenda, ambayo mwaka 2019 ilipata tuzo ya filamu fupi bora katika kitengo cha Orizzonti kwenye tamasha la Venice. Miaka mitatu baadaye mwongozaji na mwigizaji haohao walifika Cannes na filamu ndefu, Joyland. Ninaitaja Pakistani kwa sababu ni nchi ya Waislamu, na kwa sababu huko nako njia ilianza na filamu ya dakika chache.

Upande wa usalama ulitufundisha mengi, na ningependa mwenye nia ya kufanya kazi kama hii ajue kwamba kuficha uso ni jambo dogo. Katika mji wetu mtu hujulikana kwa mkono wake. Tuliwaomba wasipake hina wala piko kwa wiki tatu kabla ya kupiga picha, kwa sababu kila mpakaji ana maua yake na watu huyatambua. Tuliondoa pazia, kwa kuwa kitambaa chake kiliwahi kuonekana katika harusi, tuliondoa pete, tulizima katika simu mpangilio wa kuhifadhi mahali, ambao huandika ndani ya picha pale ilipopigwa. Sauti zao hatukuzitumia. Baadhi ya watengenezaji huishusha au kuipandisha sauti wakadhani wameificha, ilhali mwenye programu ya kawaida anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Sisi tuliwapa wanawake wengine wawili maneno yaleyale wayatamke upya. Na jambo ambalo hatukulifikiria hadi tulipofika katika uhariri ni adhana. Chumba kile kinasikia msikiti mmoja kwa karibu na mwingine kwa mbali, na hakuna mtu wa mtaa ule ambaye hamjui mwadhini wake kwa sauti. Ilitubidi tuiondoe adhana yote, kisha tukarekodi nyingine mbali na pale na kuiweka mahali pake kwa adabu inayostahili.

Najua kuna hoja kwamba filamu ya wanawake wa transijenda lazima iigizwe na wao wenyewe, kwa nyuso na sauti zao, na kwamba kuwaweka watu wengine ni kuwanyang'anya mara ya pili. Ninaiheshimu hoja hiyo, na ningekuwa ninaishi mahali pengine ningeisimamia bila ya kusita. Hapa kwetu tulikubaliana jambo jingine: maneno ni yao, mikono ni yao, mpangilio wa kisa ni wao, na neno la mwisho juu ya kila kipande ni lao, hata kama filamu imekamilika na wao wakasema isionyeshwe. Waliwahi kulitumia neno hilo la mwisho. Tulikuwa na picha nzuri sana ya mwanga wa dirishani ukianguka juu ya mkeka, na mmoja wao akasema kwamba mwanga huo huingia hivyo katika vyumba vya upande mmoja tu wa jengo lao. Tuliifuta mbele yao.

Wapo watakaosema kwamba filamu hii inavunja maadili na kuleta utamaduni wa kigeni. Naomba wanionyeshe ni kipi kigeni ndani yake. Somo, matanga, hitima, ukili, wali wa sadaka na mtoto anayemlilia mama yake ni vyetu vyote. Kinachowaudhi ni kuwaona watu hawa ndani ya mambo yetu, nao walikuwa ndani tangu zamani. Wazee wanakumbuka nani alikaa na wanawake katika harusi na nani alijua nyimbo zote, ila hawataki ziandikwe habari hizo.

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998, na kila mtengenezaji wa filamu wa visiwa hivi ameota kuona kazi yake ikioneshwa Ngome Kongwe chini ya nyota. Nami nimeota hivyo. Lakini ninajua kilichotokea Kenya mwaka 2018, pale filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia wasichana wawili wanaopendana, ilipopigwa marufuku, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7 tu. Na sisi hatuna hata siku hizo 7. Ndiyo maana tuliamua kurudi katika njia ya bibi zetu. Zamani majumba ya sinema ya mji huu yalikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, yaliyoitwa zanana, ambapo mwanamke wa buibui angeweza kwenda kutazama, kulia na kucheka bila ya kuangaliwa na wanaume. Bibi na shoga yake walikwenda. Nasi tuliwaalika wanawake 9, kila mmoja kwa kuaminiwa na mwingine, simu zikawekwa ndani ya kikapu katika chumba kingine, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani.

Tulikuwa na tatizo moja ambalo hatukulimaliza. Katika hitima marehemu hutajwa kwa jina lake na la mzazi wake, na jina la mama yule lingetosha kumfichua binti yake katika Pemba nzima. Nililikata, nikaacha kimya cha sekunde nne mahali pake. Alipoiona mara ya kwanza alinung'unika kwamba mama yake anaombewa bila ya jina, nami sikuwa na jibu.

Jioni ile filamu ilipofika katika dua, na kile kimya kikaanza, aliinuka kutoka mahali alipokaa nyuma kabisa, akalitaja jina la mama yake kwa sauti, na jina la babu yake. Somo wake, aliyekuwa ameushika upande wa khanga yake, akaitikia "Amin", na wanawake wote chumbani wakafuatia.