Nguruzi

Neno "nguruzi" sikuwahi kulisikia mpaka siku lilipotaka kunizamisha. Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu kuna miembe, kuna nyuki, kuna vumbi, na maji makubwa kuliko yote niliyoyajua utotoni ni ya bwawa la Igombe, ambako nako tulikatazwa kwenda. Halafu nikaoa Kilwa. Ukioa Kilwa umeoa na bahari yake, ila hilo hawakuambii siku ya posa.

Likizo yenyewe aliipanga shemeji, kaka wa mke wangu. Ni fundi bomba, anafanyia kazi zake Dar es Salaam, na mwaka huo alikuwa amenunua mashua kuukuu kwao Kilwa Masoko, akaipaka rangi ya buluu na kuiandika ubavuni jina SUBIRA. Mpango ulikuwa hivi: Desemba, shule zikishafungwa na kaskazi ikishaanza kuvuma, twende wote kwa tanga mpaka Songo Mnara, tulale siku mbili kwa mama mdogo wa mke wangu, watoto waone magofu, mimi nipumzike. Hilo la mimi kupumzika alilisisitiza sana.

Jioni ya kuamkia safari akaniita ufukweni. Mashua ilikuwa imepwelewa, imelalia ubavu, na yeye amepiga magoti chini ya tumbo lake.

"Shemeji, njoo uone kazi."

Nikainama. Nikaona tundu limevishwa bomba.

Kwa asiyejua, kama nisivyojua mimi wakati ule: mashua huachiwa tundu makusudi chini kabisa, pembeni mwa mkuku, yaani ule mti mkuu wa chini ya chombo, ili ikikaa mchangani maji yaliyojipenyeza yatoke yenyewe. Kabla ya kushuka majini tundu huzibwa kwa kipande cha mti kilichozungushiwa kitambaa. Hiyo ndiyo nguruzi. Kwamba watu wenye akili timamu wanakitoboa chombo kwa mikono yao halafu wanakwenda nacho baharini, hilo nililikubali kwa shida na mpaka leo nalitafakari.

Sasa shemeji, tangu mwezi wa nane, alikuwa ameitupa nguruzi ya mti. Akalipanua tundu, akapachika soketi ya chuma ya galvanaizi, ile ile anayofungia mabomba ya watu Mbagala, akaifunga kwa plagi ya shaba, akazungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, na juu ya yote akapaka rangi ya buluu. "Ya kisasa hii," akasema. "Spana unafungua, spana unafunga. Mambo ya kugongagonga mti tumeshatoka huko."

Nahodha alikuwa amesimama nyuma yetu, ugoro uko mdomoni. Mzee huyu alizaliwa kisiwani Songo Mnara na anaongea kama anayelipia maneno.

"Ile ilikuwa ya mti," akasema.

"Mzee, mti unaoza."

Nahodha akatema ugoro. "Na chuma?"

Basi. Hakuongeza. Mimi nikamwona mzee wa watu ameachwa nyuma na wakati.

Tuling'oa nanga saa moja asubuhi. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, mwezi mpevu, maji yanapwa kwa kasi na upepo uko mgongoni, kwa hiyo Subira iliteleza kama imetumwa. Gereza la Kilwa Kisiwani, ile ngome ya kale, likabaki ng'ambo, shemeji akanyoosha kidole kuonyesha Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, ilipo, akawaeleza watoto kwamba yule msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331.

"Na hakuzama," akamalizia.

Mama mkwe alikaa tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa nahodha, mwavuli mkononi, amejifunga khanga mpya iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Mimi nilikaa katikati nimewapa mgongo, maana adabu hairuhusu kukodoleana macho na mkweo safari nzima. Miguuni nilikuwa na ndoo ya asali ya masega kutoka Tabora, zawadi ya mama mdogo. Ilikuwa imeshafika Kilwa kwa mabasi mawili bila kumwagika tone, na nilikuwa nimeapa itafika.

Nikahisi unyevu kwenye vidole vya miguu.

Sikusema kitu. Dakika kumi kabla nilikuwa nimeuliza kwa nini chombo kimeinama, wakacheka wote mpaka kijana wa nahodha akashika mbavu. Nikajua nikiuliza kwa nini chombo kina maji watasema bahari ndivyo ilivyo. Nikafikiri labda mwanangu mdogo amejisaidia. Maji yakafika kwenye kifundo, nikamtazama mtoto kwa mshangao: haiwezekani, chai alikunywa kikombe kimoja. Ndipo kandambili ya kushoto ikapita mbele yangu, taratibu, ikielekea mbele. Ilikuwa yangu. Ikafuatwa na chane la ndizi.

Nyuma yangu sauti ya mama mkwe ikasema kwa upole, "Baba, mbona miguu yako inaogelea?"

Hapo nahodha akapiga ukelele ambao sitausahau:

"Fua! Fua maji! Wewe nenda omo!"

Naomba msomaji aingie kwenye kichwa cha mtu wa Tabora. Fua. Omo. Kitu pekee kilichonijia ni kwamba mzee amechanganyikiwa, tunazama yeye anawaza nguo. Nikajibu, tena kwa heshima, "Shikamoo mzee, sabuni hatukubeba." Kumbe kufua ni kuyatoa maji chomboni, na omo ni mbele. Akaniita jina ambalo mke wangu mpaka leo anakataa kunitafsiria.

Kijana alishika upo, yaani kile kibakuli cha mti cha kufulia maji. Upo ulikuwa mmoja. Mke wangu akachukua sufuria, binti yangu akachukua beseni, wali wa nazi wa watu wanane ukapelekwa kwa samaki bila hata kuonjwa. Shemeji yeye alifumua mbao za chini, akaingiza mkono ndani ya ngama, ule uvungu wa chini ya mbao, akapapasa, akasema kwa sauti ya fundi aliyeingia nyumba ya mteja: "Ah, kitu kidogo. Imelegea tu." Akaidai spana.

Akaikaza. Ikazunguka. Akaikaza tena, ikazunguka tena, kwa wepesi usio wa kawaida. Halafu akaivuta kidogo ili aione vizuri, na nguruzi ya kisasa ikatoka yote, plagi na soketi yake, kama jino la kizee lililokuwa likisubiri kuguswa.

Tulilitazama sote lile dude kiganjani mwake. Kwa nje ilikuwa buluu, ya kupendeza. Kwa ndani hapakuwa na chuma. Palikuwa na unga wa kutu na utepe mweupe. Baadaye nilieleweshwa: shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa mbio. Shaba yenyewe ilikuwa inang'aa, haina hata doa. Wakati huo lakini hatukuwa na nafasi ya elimu, kwa sababu tundu sasa lilikuwa na upana wa kikombe cha kahawa, na maji yanapanda kwa mshipa mnene, safi, yanasimama wima kama chemchemi ya hotelini. Ndoo ya lita 20 ingejaa kabla hujahesabu kumi.

"Ziba!" akasema nahodha.

"Kwa nini?" akauliza shemeji, akimaanisha kwa kitu gani.

Sijui kilichonipata. Nilikuwa ndiye niliye karibu. Nikashusha mguu ndani ya ngama, nikapapasa kwa kidole gumba, nikakandamiza kisigino. Chemchemi ikakatika.

Kisigino changu kina ukubwa kamili wa tundu lile. Ni kisigino cha mtu aliyesoma shule ya msingi peku, kina magaga, kigumu kama ndizi mshale isiyoiva. Miaka yote mke wangu ameninunulia mafuta ya kukilainisha na mimi nimekataa. Sasa kilikuwa kimebeba roho za watu wanane.

Tatizo lilikuwa mkao. Ili kisigino kikae sawasawa ilinibidi nigeuke niangalie tezi, mguu mmoja shimoni, mwingine umekunjwa, suruali imepandishwa mpaka pajani, uso kwa uso na mama mkwe, umbali wa hatua mbili. Nikainamisha macho. Yeye akaushusha mwavuli ukamfunika uso. Tukaenda hivyo, kwa heshima zote, mimi na kitambaa cha mwavuli.

Nahodha hakusema neno zaidi. Aligeuza usukani kulielekea fungu la mchanga lililokuwa linachomoza mbele yetu, maana saa nne ilikuwa inakaribia na bamvua ikipwa huwa inapwa kweli. Subira huvuta heri, wanasema. Hii yetu ilivuta maji mpaka mkuku ukakwaruza mchanga.

"Toa mguu," akaniambia.

Nikasita. Nilikuwa nimeshaizoea kazi. Nikautoa, na dakika chache baadaye, bahari iliposhuka chini yetu, maji yote yaliyoingia kwa tundu lile yakaanza kutokea kwa tundu lile lile, yakichora mfereji mchangani. Mwanangu akapiga makofi. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini watu hutoboa vyombo vyao.

Sasa tulikuwa na saa chache za nchi kavu katikati ya bahari, bila kivuli ila mwavuli mmoja. Nahodha akakata kipande cha pondo, ule mti mrefu wa mkoko wa kusukumia chombo, akakaa kukichonga kwa kisu, akikipima tunduni, anarudi, anachonga. Shemeji alimwaga mfuko wake wa kazi mchangani: viungo vya kona, vya njia tatu, koki mbili, tepe. Nahodha akatazama lile duka zima, akarudi kwenye mti wake.

"Kitambaa," akasema.

Kimya. Kisha mama mkwe, aliyekuwa na khanga mbili kama kila mwanamke wa pwani, akaifungua ya juu, akaing'ata pindo, akaipasua. Niliiona kwa macho yangu: USISAFIRIE ikaenda kwa nahodha, NYOTA YA MWENZIO ikabaki begani kwake.

"Na nta," akasema nahodha. "Bila nta kitatoa jasho. Nta hakuna?"

Wakaanza kutazamana. Mimi nikatazama ndoo yangu.

"Nta ninayo," nikasema. Ilikuwa kauli yangu ya kwanza yenye maana tangu tuondoke Masoko.

Ili upate nta kutoka kwenye masega haraka, bila moto, dawa ni kutafuna. Tukakaa duara juu ya fungu, watu wanane, tunatafuna asali ya Tabora. Watoto hawakuamini bahati yao: wanaamriwa kula asali, tena upesi. Nahodha, meno yake yamebaki matatu, alitafuna kwa makini ya mtu anayesoma mkataba. Kila aliyemaliza alitema donge lake kwenye mfuniko wa ndoo. Mama mkwe alikwenda kutafunia upande wa pili wa mashua, akarudi na donge lake ndani ya jani la ndizi alilolikunja vizuri, akamkabidhi binti yake, binti akamkabidhi nahodha. Hakuna aliyemwona akitema, na hakuna atakayesema alitema.

Nahodha akayaponda madonge juani mpaka yakalainika, akayapaka kwenye kitambaa, akaizungusha USISAFIRIE kwenye mti, akaisukuma tunduni, akaomba nyundo ya shemeji. Mapigo manne. Shemeji akaniambia chini chini kwamba angepata soketi ya plastiki angefanya vizuri zaidi. Nikamwonyesha mguu wangu. Kisigino kilikuwa na duara jekundu, kamili, kama muhuri wa serikali.

Maji yalirudi, yakatuinua saa nane. Tukakodolea ngama macho, hakuna aliyepumua. Haikuingia hata tone, na nahodha akasema haitaingia, mti ukishalowa unavimba. Tukafika Songo Mnara maji yamejaa kabisa, mashua ikapenya mikokoni mpaka ndani, tukashuka bila kukanyaga matope, jambo ambalo mama mdogo alisema wageni wengi hawalipati. Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Magofu tuliyaona, pweza tulikula, usingizi tulilala. Asali ilifika nusu ndoo.

Tuliporudi Masoko nahodha alijaribu kuing'oa nguruzi ili mashua ikauke, ikamshinda. Kiuzi cha khanga bado kinaning'inia pale chini. Shemeji aliirudisha soketi yake dukani Dar kudai pesa, muuzaji akamuuliza ni bomba la nyumba ipi.

Juzi simu iliita, namba ya Kilwa. Mama mkwe, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akiniita "baba wa watoto" na si zaidi.

"Nguruzi," akasema, "hamjambo huko? Ile asali imekwisha."