Ukienda Jambiani, lipia usiku wa kwanza tu

Kila likizo ya mwezi wa sita inapokaribia, ndugu na marafiki wa Dar huniuliza swali lilelile: tukivuka kwenda Unguja, upande wa Jambiani, tuweke chumba kabisa au tutafute tukishafika? Jibu langu ni moja. Weka usiku wa kwanza. Siku zilizobaki zichague ukiwa hukohuko, kwa macho yako na miguu yako.

Usiku wa kwanza sibishani nao. Ukipanda boti ya jioni unateremka Malindi giza linaingia. Daladala za shamba, ikiwemo ile 309 ya Jambiani, saa hizo zimeshapungua au zimekwisha kabisa, na mbele yako kuna zaidi ya kilomita 50. Utachukua teksi. Sasa ufike kijijini usiku, mabegi mkononi, mtoto amelala begani, ndipo uanze kubisha hodi geti kwa geti? Hapo utakubali bei yoyote utakayotajiwa, maana huna pa kwenda.

Ila kulipia wiki nzima mahali ambapo hujapaona, hilo nalikataa. Jambiani ni kijiji kirefu, kinafuata ufukwe kwa kilomita kadhaa, na kina sehemu zake: Kibigija, Kikadini, Mfumbwi. Tangazo likikuambia "Jambiani, hatua chache kutoka baharini" bado hujajua utalala wapi. Ukisogea kaskazini unakaribia Paje, penye vishada vya kuteleza majini na muziki wa usiku. Ukishuka kusini unakuta utulivu, watoto wanarudi kutoka chuo cha Kurani, ngalawa zimefungwa.

Na hiyo bahari yenyewe ina saa zake. Picha za matangazo hupigwa maji yamejaa. Pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakipwa, hasa siku za bamvua mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari inarudi nyuma mpaka karibu na mwamba. Unaweza kutembea kilomita nzima juu ya mchanga na majani kabla hujapata maji ya kiunoni. Hizo ndizo saa wanawake wa kijiji wanashuka na kamba zao kwenye mashamba ya mwani, kilimo ambacho biashara yake ilianza hapo na Paje mwaka 1989. Mimi nazipenda saa hizo kuliko zote. Aliyekuja kuogelea kila asubuhi atanuna. Tena saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo yakiwa yamejaa leo saa mbili asubuhi, wiki ijayo saa hiyohiyo utayakuta yamepwa. Mwenye usiku mmoja anaamua mwenyewe: abaki, au ahamie Nungwi na Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali kiasi hicho. Aliyelipia siku saba za pesa isiyorudishwa hana la kufanya.

Chumba nacho kikague kabla hujakubali siku za ziada. Fungua bomba la bafuni uonje. Nyumba nyingi za ufukweni hutumia maji ya kisima, yana chumvi, na sabuni haitoi povu. Tanua chandarua uone kama kina matundu. Washa feni. Uliza umeme ukikatika kuna jenereta au la. Halafu simama kimya usikilize, maana pwani ile inajengwa kila kona, na nyundo za jirani zinaanza asubuhi mapema. Mwenye nyumba muungwana hakuzuii kufanya hayo.

Asubuhi, ukishakunywa chai, acha mzigo chumbani utembee kijijini, nyuma ya ule mstari wa kwanza wa hoteli. Utakuta nyumba za wageni za vyumba vitatu vinne, mali ya wenyeji, kibao kimeandikwa kwa mkono. Nyingi hazimo kwenye intaneti. Unapiga hodi, unasalimia, mnajuliana hali, ndipo unauliza.

"Chumba kipo, mama?"

"Kipo, karibu. Mtalala siku ngapi?"

"Tano, Inshallah."

"Basi ingieni muone kwanza. Bei tutazungumza."

Na kweli mnazungumza, kwa shilingi. Mitandao ya kuweka vyumba inakata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, na bei zake zimepangwa kwa dola, zikimlenga mgeni wa Ulaya. Hapo uani siku tano zinapunguza bei, na pesa inaingia mkononi mwa mama huyo, ambaye jioni atanunua samaki kwa mvuvi wa kijijini. Hili linanigusa sana. Ufukwe umeshachukuliwa na majengo ya watu wa mbali, na wenyeji wengi kilichowabakia katika biashara hii ni vyumba hivyo vichache. Ukimaliza mipango yote kwenye simu ukiwa bado Kariakoo, nyumba hizo umezipita bila kuzijua.

Zipo nyakati ambazo ushauri wangu naugeuza. Krismasi na Mwaka Mpya, Idd, siku za Mwaka Kogwa mwezi wa saba pale Makunduchi, kijiji jirani, mwezi wa nane wageni wa Ulaya wanapokuwa likizoni, na siku zinazofuata tamasha la Sauti za Busara mwezi wa pili, watu wanapotoka Mji Mkongwe kuja kupumzika ufukweni: weka siku zote, na mapema. Vivyo hivyo kama mko familia ya vyumba vinne, au mna mzee asiyeweza kuhamahama. Masika, mwezi wa nne na wa tano, vyumba vitupu viko tele, lakini piga simu kwanza kwa sababu nyumba nyingine hufungwa kabisa. Mwezi wa Ramadhani uliza chakula cha mchana utakipata wapi.

Huo usiku wa kwanza uuweke kwa simu, usikie sauti ya mtu. Tangazo la mtandaoni linalokutaka utume hela yote leo kwa sababu "nafasi imebaki moja" liache lipite. Omba video fupi kutoka getini mpaka kitandani, mtu aliyeko pale hashindwi kuipiga. Jina linalotokea unapotuma pesa lilingane na la uliyezungumza naye. Akikubali nusu ya malipo ya usiku mmoja, mtumie, mwambie unavuka na boti ya saa ngapi, na muulize kesho yake maji yanajaa saa ngapi.