Mkono wa Kushoto ni wa Kenya

Jamani, mwaka huu nimefahamishwa kwamba mtoto wangu ana mkono mmoja usio wa Uganda. Sisemi kwa mafumbo. Nimeambiwa mbele za watu, ofisini, na sekretari wa shule ya chekechea aliyepandisha miwani juu ya paji la uso na hakuishusha hata mara moja kuangalia alichokuwa anakikataa.

Mimi nabadilisha pesa hapa Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda. Nina stuli yangu, nina mwavuli wangu, na madereva wa malori wananiita bosi. Mtu wa aina yangu hasimami kwenye foleni ya kufungua shule na mafagio kwapani. Lakini nilisimama. Ile karatasi ya mahitaji mnaijua, sina haja ya kuwasomea: rimu, sukari, sabuni, na karatasi za choo ambazo mtoto wa baby class, hata akila maembe yote ya Teso, hawezi kuzimaliza kwa muhula mmoja. Vyote nilikuwa navyo. Na pale chini kabisa, kwa maandishi ya siafu, wameandika: kadi ya chanjo, halisi na nakala yake.

Hapo ndipo sikuwa na wasiwasi kabisa. Mama Faridi alijifungulia kwao, ng'ambo, Kenya, maana wanawake wa huku uchungu ukikaribia wanakumbuka mama zao. Na mama mkwe wangu kwa kliniki hana mchezo. BCG ile ya kifua kikuu, matone ya polio, sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua ya miezi 9, surua ya miezi 18, yote yamo kwenye kijitabu na mihuri yake. Kaveera, ule mfuko wa nailoni niliokifungia, ilibaki mpakani, kwa sababu wenzetu walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na askari wao hawacheki na nailoni hata ikiwa imebeba afya ya mtoto. Mvua ikakinyeshea kidogo pembeni. Lakini kinasomeka.

"Hiki ni nini?" sekretari akauliza, amekishika kwa vidole viwili.

"Kadi ya chanjo, madamu."

"Hiki ni kitabu."

"Ndani ya kitabu kuna kadi, madamu."

"Na ni cha Kenya."

"Kitabu ni cha Kenya. Mtoto ni wa hapa. Baba yake ndiye mimi."

"Baba Faridi, sijauliza habari za baba. Sheria ya chanjo ya 2017 inasema mtoto haingii shule bila kadi."

Sheria ipo, sibishi. Mzazi mkaidi anaweza hata kulala ndani hadi miezi 6. Na naelewa walikuwa wanamtafuta nani: watu wanaoficha watoto uvunguni, kama wale wa dhehebu la 666 waliokuwa wakikimbia sindano. Sasa mimi nimeficha nini? Mimi ndiye nimekuja na mtoto, na kitabu, na mafagio!

"Basi tuangalie kovu," akasema. "Kovu halidanganyi."

Akamwita Faridi. Faridi anaamini kila mtu mwenye meza ni musawo, yaani mtu wa kudunga sindano, kwa hiyo akaanza kulia mapema ili kazi iishe. Sekretari akamkunja shati mkono wa kulia, akapandisha mpaka begani. Akatazama. Akaita mwalimu mwingine, naye akatazama. Ngozi laini, safi, haina hata doa la mbu.

"Mtoto huyu hajachanjwa."

"Madamu, kovu liko huku." Nikamwonyesha mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kovu zuri la mviringo.

"Hapo si mahali pake. BCG inakaa mkono wa kulia, juu."

"Hiyo ni yetu. Kenya wanachoma mkono wa kushoto, hapa chini."

"Kwa nini?"

Sasa mimi nitajua kwa nini? Mimi ni Wizara ya Afya ya Nairobi? Nikamwambia labda ndivyo wanavyopenda. Akasema kovu la mahali pale linaweza kuwa chochote, linaweza kuwa tone la mafuta ya chapati. Kwa hiyo mama mkwe wangu, mwenye kijitabu chenye mihuri, sasa ni mtu wa kuunguza wajukuu kwa mafuta.

Hapo askari wa geti, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya analinda, akakunja shati lake kuonyesha mfano. "Yangu hii hapa, kulia, juu. Nilizaliwa Tororo." Akatembeza bega ofisi nzima. Mama mmoja kwenye foleni akasema hata yeye, akaonyesha. Mwingine akaonyesha. Kufumba na kufumbua foleni nzima imekunja mikono, watu wanapimana mabega, ofisi imegeuka mnada wa ng'ombe. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu, ndugu zangu, hii ni Busia. Kaka mmoja anayeimba wimbo wa taifa kwa sauti kuliko sisi wote, kovu lake likaonekana kushoto, chini. Dada wa duka la jumla, kushoto. Fundi wa televisheni, kushoto, na mwenyewe alikuwa hajawahi kujiuliza. Bwana mmoja ambaye kila uchaguzi anagombea uenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kwa kutuambia yeye ni mzaliwa halisi wa hapa, tangu mababu, alikuwa ameshafungua kifungo kimoja. Akatazama upepo unakovuma, akakifunga. Akasema ana simu ya haraka. Hajaonekana tena shuleni, na mtoto wake amesajiliwa na shangazi.

Jaja mmoja aliyekuja na mjukuu akasema yake ni ya zamani, ya ndui, tuache utoto. Kovu lake lilikuwa kubwa, limekaa kwa heshima. Ndui yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980, na sidhani kuna aliyemwomba jaja nakala mbili.

Kelele zikamtoa hedimasta. Joto la Februari, na yeye shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kwenye kifundo. Macho ya watu wote yakaenda kwenye mikono yake. Akaiweka nyuma. Akasema mambo ya makovu yaishe mara moja na kila mtu avae nguo yake vizuri, hii ni taasisi ya elimu.

Mnadhani yaliisha? Sekretari alikuwa ametoa kadi ya Uganda ya mfano, anasoma mstari kwa mstari kulinganisha na kijitabu.

"Homa ya manjano iko wapi?"

Haipo. Sisi tunawapa watoto wote wakiwa na miezi 9, tangu 2022. Wenzetu wanaitoa kwenye kaunti chache tu, huko Bonde la Ufa, mbali na mama mkwe.

"Na hii ya malaria mmeitoa wapi?"

Ile ipo, tena dozi zote nne. Wenzetu walianza kuitoa kwenye kaunti za magharibi mwaka 2019. Sisi yetu ilizinduliwa Apac, Aprili 2025. Faridi alikuwa ameshaimaliza.

Kwa hiyo nikakaa vizuri, nikavaa ile sauti ya kazini. Nikamwambia, madamu, hili ni jambo dogo sana. Mtoto ana ziada ya malaria, amepungukiwa homa ya manjano. Chukua hiyo, nipe hii, tufunge hesabu. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, na leo sikutozi kamisheni.

Hakucheka. Watu wasiocheka ndio wanaopewa muhuri.

Kituo cha afya sina la kusema. Boda ilinipeleka kwa bei ya mtu anayekimbiza mgonjwa. Musawo akafungua kijitabu, akasoma, akasema mama mkwe wako apewe zawadi, akamdunga Faridi kilichopungua, akanakili yote kwenye kadi yetu kabla Faridi hajamaliza kilio kilichobaki. Bure, hata shilingi. Akauliza tu kwa nini shuleni hawakusoma kijitabu, maana tarehe ni tarehe na surua ni surua. Nikakosa jibu. Nikapeleka kadi kwa mtu wa fotokopi ambaye sasa anakula vizuri kuliko madaktari wote wa wilaya. Akaniuliza kama nataka kuifunika plastiki. Nikamwambia wewe, na dozi nyingine ikija musawo aandike wapi, juu ya plastiki?

Lakini kweli niseme, bila utani, hili linaniudhi. Binti yangu mkubwa alipofika miaka 10, sindano ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilimfuata darasani. Hakuna aliyenitafuta na karatasi. Zile kampeni za polio, wanakuja mpaka mlangoni, wanadondosha matone, wanampaka mtoto wino kidoleni, wanaandika chaki ukutani, wameondoka. Wale wanamtazama mtoto. Hawa wengine chanjo imo ndani ya mtoto, inafanya kazi yake, wao wanaitafuta kwenye droo. Surua haipiti ofisi ya uhamiaji. Inapita Sofia, mtaa wetu wa mpakani, kwa njia ya panya kama sukari, na haimuulizi mtu kovu lako liko mkono gani. Halafu mtoto wa yule mama maskini ambaye panya walikula kadi yake, aliyechanjwa kila dozi, anarudishwa nyumbani akacheze na nani? Na yule aliyenunua kadi tupu akajijazia mwenyewe kwa kalamu moja, tarehe zote kwa mwandiko mmoja, anapokelewa kwa makofi.

Basi. Faridi amepokelewa. Sekretari akachukua nakala, akachukua rimu, akachukua mafagio, akaniuliza kwa nini mafagio ni mafupi.

Na hayo mafagio ndiyo nataka mnisaidie. Kila mtoto mawili, kila muhula, shule imejaa mpaka watoto wanakaa dirishani, na ule uwanja haujawahi kufagiwa tangu nimeujua. Yanaenda wapi? Mama Faridi, mwanamke mwenye akili, alikuwa ameyafunga ya kwetu kwa uzi wa rangi ya waridi. Juzi napita sokoni natafuta kamba ya mwavuli, naona fagio limesimama kwa muuza mkaa, lina uzi wa waridi. Nikauliza bei. Akaniambia hayo ni ya kuagiza, yanatoka shule, ubora wake ni wa juu, na kama nachukua mawili atanipunguzia. Muhula wa pili hauko mbali. Nikalipa.